Nyuma Haiumi

Kipara alivaa viatu vyeupe kwenda mnadani, na hilo lilikuwa kosa lake la kwanza. Uwanja ulijaa watu, majokofu yasiyogandisha, vitanda visivyo na miguu, na dalali aliyekuwa amekaukwa na sauti tangu asubuhi. Katikati ya vurugu hiyo gurudumu la chuma likampanda kwenye kidole gumba cha mguu, likatulia hapo kana kwamba limefika kwao.

"Mama yangu wee!"

"Samahani kaka! Samahani jamani, haina breki!"

Aliyesema hivyo alikuwa dada mwembamba aliyevaa gauni la manjano lenye mifuko mikubwa. Utepe wa kupimia nguo ulimning'inia shingoni kama mkufu aliosahau kuvua. Alikuwa anasukuma mashine ya kukatia nyasi, zile za zamani zisizojua umeme wala petroli: mpini wa mbao, magurudumu mawili ya chuma, katikati visu vitano vilivyojipinda kuzunguka mhimili, na chini yao kisu kimoja kimelala kinawasubiri. Kutu ilikuwa imeila yote.

"Unaipeleka wapi, kuizika?" Kipara akauliza huku akisimama kwa mguu mmoja.

"Kwa baba yangu. Alikuwa mtunza uwanja wa shule, na hii ndiyo aliyokuwa anaisukuma hadi alipostaafu. Leo shule imeiuza pamoja na madawati mabovu. Nataka nimshangaze."

"Kwa kutu hiyo hatashangaa, atapata pepopunda."

Dada akacheka, na shavu moja likabonyea. Hapo ndipo Kipara alipopaswa kusema ukweli, kwamba yeye ni kinyozi na mashine ya nyasi hajawahi hata kuigusa. Angeongeza, kama angekuwa mkweli sana, kwamba anaogopa mbwa, lifti, radi na maputo. Lakini shavu lilikuwa limebonyea.

"Dada, hiyo si mashine. Huo ni mkasi wenye magurudumu, na mimi mikasi naichezea kila siku ya Mungu. Niachie, nitakurudishia inanyoa."

"Unaitwa nani?"

"Kipara."

"Nilikuwa nimelifikiria hilo jina, nikaona nitakutukana. Mimi wananiita Sindano."

"Kwa sababu ya wembamba?"

"Kwa sababu nachoma."

Kazi ilifanyika kibarazani kwa Kipara, kwenye nyumba ya wapangaji yenye bomba moja la maji na majirani wenye macho mengi. Sindano alikuja kila akifunga duka lake la ushonaji, leo na blauzi ya bluu yenye vifungo vya lulu za uongo, kesho na sketi ya mistari. Skrubu zilizokataa kufunguka walizimiminia mafuta ya taa mpaka zikalainika. Walisugua kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa mkali, kisha kwa msasa laini, hadi chini ya kutu ikajitokeza rangi ya kijani na nyota ndogo ya shaba ambayo Sindano aliikumbuka tangu utotoni. Akaibusu, midomo ikabaki na vumbi jekundu.

"Mimi nimeoga na hakuna aliyenibusu," Kipara akalalamika.

"Wewe huna nyota."

"Nina kipara. Kinang'aa kuliko hiyo nyota."

Akabusiwa utosini, na siku ile nzima hakuvaa kofia.

Simu za Sindano nazo hazikuisha. Ya mchana ilimkuta Kipara akimnyoa mteja mwenye povu kidevuni.

"Mpenzi, leo umeigusa?"

"Nimeigusa."

"Muongo. Unaiogopa."

"Mimi? Niogope chuma, laazizi?"

Alikuwa anaiogopa mno. Mashine ile ilikuwa na tabia mbaya: ukigusa kisu kimoja ili ukisafishe, mhimili mzima unazunguka, na kisu kinachofuata kinakuja kuuliza habari za kidole chako. Akiwa peke yake Kipara aliufunga mhimili kwa kamba na kuvaa glavu nene juu ya nyembamba. Sindano akiwepo alivua glavu, akaingiza mikono mitupu katikati ya visu na kupiga mluzi, jasho likimtiririka mgongoni. Sindano aliusikia mluzi ule akaona ujasiri.

Kitu kimoja tu Kipara alikijua kweli, na alikisema kwa mbwembwe.

"Sikiliza, mpenzi. Ndani ya kila gurudumu kuna kigia kidogo chenye kijino. Ukisukuma mbele, kijino kinashika, visu vinazunguka. Ukivuta nyuma, kinateleza, visu vinatulia. Mbele inauma, nyuma haiumi."

Ilikuwa kweli tupu siku alipoisema. Kesho yake alivitoa vigia vyote viwili akavitia kwenye beseni moja la mafuta ya taa, akavianika kwenye kitambaa kimoja, vikalala pale vimefanana kama mapacha. Akavirudisha mahali pake. Au ndivyo alivyodhani.

Jumamosi mashine ilikuwa tayari. Jirani mmoja alitoka na kiti kabisa ili aone vizuri. Sindano akainama, akapitisha jicho kwenye kila kisu kama anayekagua mshono.

"Kuna uzi wa kitambaa umenasa huku chini."

"Utoe tu."

"Wewe usiguse mpini."

"Uko kizani hapo, mpenzi, huoni vizuri. Ngoja nikuvutie kwenye mwanga. Usitoe mkono. Nyuma haiumi."

Akavuta.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa sauti ya mkasi unaopita kwenye kitambaa kizito, na Sindano, anayeijua sauti hiyo kuliko nyimbo zote, ndiye aliyeitambua kwanza. Kipara aliona tu uso wake ukibadilika. Kisha akaona viatu vyake vyeupe.

Hospitalini walimwambia Kipara kwamba kidole cha shahada cha mkono wa kulia wa Sindano bado kipo, kwamba wanakishona, kwamba angoje. Kipara alikaa kwenye benchi akinusa dawa ya kusafishia sakafu na kusikia bomba la ukutani likidondosha maji. Mlango wa mwisho wa ukumbi ukafunguka, akaingia mzee mrefu aliyefunga vifungo vyote vya sweta hadi kooni. Alitembea kwa hatua sawasawa, kama mtu aliyezoea kufuata mstari wa chokaa uwanjani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani alikuwa ameshika mpini?"

Swali lilikuwa dogo, hata halikupandishwa sauti. Kipara akatazama mlango. Aliona duka la ushonaji, aliona gauni la bibi harusi alilokuwa akilishona Sindano, limebaki nusu kwenye sanamu ya kuvalishia nguo, aliona kidole.

"Naenda... naenda kutafuta maji."

"Bomba hilo hapo," mzee akasema.

Kipara alikuwa ameshalipita. Akalipita bomba, akampita mlinzi wa getini, akapita barabara mbili bila kutazama magari, yeye anayeogopa hata baiskeli, na hakusimama mpaka alipofunga mlango wa chumba chake.

Mashine aliifunika shuka, akawa anapita kando yake kiubavu. Kazini mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu mikono yake ilianza kutetemeka. Wateja waliokuja kunyoa ndevu walitazama wembe unavyocheza hewani, wakakumbuka wameacha jiko linawaka. Simu ilipoonyesha "Sindano Wangu" aliitazama kama nyoka aliyeingia ndani. Angemwambia nini? Hata yeye hakuelewa kilichotokea. Alivuta, ana hakika alivuta. Au alisukuma? Mtu asiyejua mikono yake imefanya nini anawezaje kumshikia mtu wembe shingoni?

Sindano naye alikuwa na hofu yake, mbaya kuliko ya Kipara. Bandeji ilikuwa nene, na ncha ya kidole ndani yake haikusikia kitu. Lakini si hilo lililomkosesha raha. Kila akiufikia mkasi wake, ule mkubwa wa kukatia vitambaa, mkono ulirudi wenyewe mfukoni. Fundi anayeogopa mkasi! Gauni la bibi harusi lilisimama kwenye sanamu likimtazama.

"Aliniambia nyuma haiumi," alimwambia baba yake. "Kisha akakimbia. Alikuwa ananichezea tu."

"Mm," baba yake akasema, na baba yake akisema "mm" huwa hajamaliza kufikiri.

Ndipo akaja mteja mmoja mwenye hasira, amebeba gauni alilolishonesha kwingine. "Fundi, hebu niambie. Nikinyoosha mikono mbele linanibana mpaka nakosa pumzi. Nikiirudisha nyuma linakaa vizuri. Nina mwili gani mimi?"

Sindano akaligeuza gauni ndani nje, akacheka. Mkono wa kulia ulishonwa begani kushoto, na wa kushoto kulia. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, mikono inafanana mno ikiwa mezani. Mbele inabana, nyuma inaachia.

Kicheko kikakatika. Akachukua simu kwa mkono wa kushoto.

Kule kinyozini simu ililia mpaka mzee aliyekuwa kitini akachoka. "Ipokee, mwanangu. Wewe unatetemeka kuliko hiyo simu."

"Ha... halo?"

"Umekufa?"

"Bado."

"Basi nijibu kabla hujafa. Vile vigia viwili, uliviosha wapi?"

"Kwenye beseni."

"Beseni moja?"

"Moja."

"Ukajuaje cha kulia ni kipi?"

Kipara akatafuta mahali pa kukaa, akakaa. Kwa bahati mbaya kitini palikuwa bado na yule mzee.

"Umeshona mkono wa kulia begani kushoto, Kipara. Ukisukuma mbele visu vinalala. Ukivuta nyuma vinauma."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ulidhani ni shetani?"

"Nilidhani mikono yangu imerukwa na akili. Nisamehe, mpenzi."

"Kidole nilikusamehe kabla hawajamaliza kukishona. Kukimbia bado."

"Nilimwogopa baba yako."

"Hata mimi namwogopa! Lakini mimi nilibaki. Tena na sindano ya mtu mwingine kidoleni. Haya, nakuja kwako. Toa hilo shuka."

"Umejuaje kuna shuka?"

"Nakujua."

Alifika na gauni la kijani kibichi, mkono mmoja wa gauni ameufumua ili bandeji ipite. Hawakukumbatiana. Kipara alifungua magurudumu, na kila kigia kilipotoka Sindano alikichora kwa chaki ya ushonaji, cha huku alama ya msalaba, cha huku duara. Vikabadilishana nafasi. Kipara akakaza skrubu za kisu cha chini mpaka visu vya juu vikakigusa kwa shida, mguso wa mkasi mzuri. Kisha akachana ukanda wa gazeti wa kujaribia visu na kuubana kwenye koleo.

"Hapana," Sindano akasema. "Nitaushika mimi. Kwa mkono."

"Usinifanyie hivyo."

"Siwezi kushika mkasi wangu, Kipara. Kila nikiufikia nasikia ile sauti. Nisipoisikia leo nikiwa na karatasi, nitaisikia maisha yangu yote nikiwa na kidole. Zungusha wewe. Polepole."

Kipara akashika ukingo wa gurudumu. Midomo ikajikunja yenyewe.

"Na usinipigie mluzi! Sema ukweli."

"Naogopa. Naogopa mpaka meno yananiuma. Nimeiogopa tangu siku ile mnadani."

"Mimi pia naogopa. Haya."

Vidole vya mkono wa kushoto vikaleta karatasi kwenye visu. Kipara akazungusha gurudumu mbele, unene wa kucha, unene wa kucha tena. Kisu kikashuka. *Chwi.* Kipande cha gazeti kikaanguka, kimekatika sawasawa kabisa. Sindano akafumba macho, akafumbua, akasogeza karatasi pembeni. *Chwi.* Walikwenda hivyo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na walipomaliza wote wawili walikuwa wamelowa jasho.

"Baba yuko nyumbani," Sindano akasema. "Lile swali lake bado linakusubiri."

Waliivuta mashine njia nzima, kinyumenyume. Visu vilitulia tuli.

Mzee alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda, nyasi za uani zimemfika magotini. Aliiona mashine, mkono wake ukacheza pajani, lakini macho aliyaweka kwa Kipara.

"Ulikwenda kutafuta maji. Umeyapata?"

Viatu vyeupe vilikuwa bado na madoa yaliyokataa kutoka. Kipara akayatazama, kisha akainua uso.

"Mimi ndiye niliyeshika mpini, baba. Vigia niliviweka kinyume. Nikamwambia asitoe mkono, nikavuta. Kisha nikakimbia."

Mzee akainuka, akachuchumaa, akapitisha kidole gumba juu ya nyota ya shaba.

"Sasa hivi unaogopa?"

"Sana, baba."

"Vizuri. Mimi niliiogopa mashine hii kila asubuhi. Unaniona nina vidole vyote."

"Na... kuna lingine, baba. Nataka kuposa."

"Kumposa nani?" Sindano akaruka.

"Wewe."

"Mbona mimi hujaniuliza?"

"Wewe nakuogopa zaidi."

"Nakubali, basi. Uache kutetemeka, unatingisha mashine."

"Posa huletwa na wazee wako," mzee akasema, akirudi kwenye kigoda chake. "Haiji na mashine ya nyasi. Kata kwanza."

Sindano akaweka mkono wa kushoto kwenye mpini, kando ya mikono ya Kipara, na ule wa bandeji akauficha mgongoni. Wakasukuma mbele. Visu vikaimba, nyasi zikaruka, na viatu vyeupe vikageuka kijani. Safari hii hakuna aliyeomba samahani.