Kwaya Iliyokimbia Mvua

Saa nane mchana, Mwalimu Zablon alimaliza ugali wake, akanywa maji, akaenda kanisani, hatua chache kutoka ufuoni, kufundisha kwaya. Huo ulikuwa mwaka wa 1996, kule Sindo, kando ya ziwa.

Zablon alikuwa na hamu kubwa. Pasta alikuwa amesema, "Nitawasikiliza Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Mkiimba vizuri, mtaimba kwenye makambi Homa Bay. Mkishindwa, mtabaki hapa." Makambi ni mkutano mkubwa wa waumini, na kwaya ya Sindo ilikuwa haijawahi kualikwa. Jamani, Zablon aliitaka hiyo Homa Bay!

Siku hiyo wanawake wa kwaya waliimba kwa sauti za kuchoka. Macho yao yalikuwa dirishani. Ghafla tone la mvua likagonga bati. Ti! Likafuata la pili. Ti!

Kufumba na kufumbua, kanisa lilikuwa tupu. Sauti ya kwanza ilipitia mlangoni, sauti ya pili ikapitia dirishani. Zablon alibaki mkono juu, akiongoza mabenchi.

Wanawake hao waliuza omena, wale samaki wadogo wanaoanikwa juu ya nyavu kuukuu mchangani. Omena wakinyeshewa huoza, na hakuna anayewanunua.

Waliporudi wameloa, Zablon alifoka. "Nyinyi hamna bidii! Kesho nafunga huo mlango na kufuli. Tuone mtatokea wapi!"

Roseline akasimama. Alikuwa mjane, na siku zote aliimba nyuma kabisa, kwa sauti ndogo.

"Basi kesho mimi siji, mwalimu," alisema. "Heri nikose Homa Bay kuliko watoto wangu walale njaa."

"Hata mimi," wenzake wakasema.

Bila wao hakuna kwaya.

Jirani yake alikuwa Bathsheba, afisa wa maendeleo ya jamii. Jioni Zablon alimsimulia yote. Bathsheba alicheka kwanza.

"Leo kabla ya mazoezi ulifanya nini?" aliuliza.

"Nilikula."

"Na wao?"

"Sikuwauliza."

"Walikuwa ufuoni tangu alfajiri. Wengine hata chai hawakuonja. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, Mwalimu."

"Lakini nimewahubiria bidii wiki tatu!"

"Bidii haiingizwi kwa mahubiri. Mtu mwenye njaa, mawazo yake yako kwa chakula. Mwenye hofu ya kupoteza riziki, sikio lake liko kwa mvua. Mtulize hapo kwanza. Halafu utaona mwenyewe: atataka kuwa na wenzake, atataka kuheshimiwa, atataka kujua zaidi. Hiyo hamu iko ndani yao tayari. Kesho asubuhi nenda ufuoni, usikilize."

Zablon alienda. Mwanamke mmoja alikuwa akianika omena huku akiimba, na sauti yake ilijaa ufuo mzima. Zablon alisogea amwone. Alikuwa Roseline! Zablon aliona haya, na papo hapo akafurahi mno.

"Mama zangu, nilikosea," aliwaambia. "Mnataka tufanyeje?"

Hakuna aliyewahi kuwauliza hivyo. Walizungumza wote kwa pamoja, kisha wakapatana. Kila siku watatu watalinda omena kwa zamu, wakiwa na turubai. Kila mmoja ataleta konzi ya unga, wapike uji na kuunywa kabla ya kuimba.

"Na sukari?" aliuliza Nyakerario, mcheshi wa kwaya.

"Sukari ni yangu," alisema Zablon. Ile kufuli aliifungia baiskeli yake.

Mambo yakabadilika! Uji ukiisha, sauti zilitoka kifuani. Aliyeugua alitembelewa na kwaya nzima. Wiki ya pili, Roseline alibaki nyuma baada ya mazoezi.

"Mwalimu, nifundishe kusoma hizo do-re-mi za ubaoni. Nataka kujua zinasema nini."

Zablon nusura acheze.

Alhamisi ikafika. Pasta alikaa benchi la mbele. Ubeti wa pili ulikuwa wa Roseline peke yake, naye alisogea mbele, akaanza.

Ti! Ti!

Mvua! Zablon aligeuka dirishani, mkono ukakwama hewani. Lakini kwaya haikusogea. Roseline aliendelea kuimba, akimwonyesha mwalimu mapigo kwa kidole. Zablon akazinduka, akaongoza.

Mara sauti ya pili ikasikika kutoka nje. Ufuoni, wanawake watatu walikuwa wakifunika omena kwa turubai, wamelowa chapachapa, na walikuwa wakiimba sehemu yao bila kukosea.

Pasta aliinuka, akasimama dirishani mpaka wimbo ukaisha.

"Na wale ni akina nani?"

"Ni kwaya, Pasta," alisema Zablon. "Leo ni zamu yao."

"Waambieni wajiandae. Nyote mnakwenda Homa Bay."

Roseline akapiga kigelegele. Kwaya yote ikatoka mbio mvuani kuwaambia wale watatu, wengine mlangoni, wengine dirishani. Safari hii Mwalimu Zablon ndiye aliyekuwa mbele.