Uso wa Kujaribia

Jua lilikuwa linazama Kitengela, na Wasike, fundi simu, alikuwa anafunga kibanda awahi nyumbani. Mkewe Immaculate alikuwa peke yake na mtoto wa wiki tatu. Ndipo akaingia Nalangu, mama wa Kimaasai, na simu iliyofungwa kwenye leso.

"Ni ya kijana yangu. Mawe ya machimbo yalimwangukia. Ndugu yake anaitaka, lakini ikae kama iPhone."

"Kazi ndogo hiyo, mama. Nitairoot, yaani nifungue mfumo wake, niivalishe sura ya iPhone. Hakuna mtu atajua."

"Sawa. Lakini jina lake usiandike, na usiliite. Kwetu aliyeenda haitwi."

Wasike aliitikia, na mama akatoka kununua sukari. Lakini mazoea yana tabu. Simu ilipokwisha kuvaa sura mpya, vidole vyake vilifanya kama kwa kila mteja: viliandika jina la mwenyewe, lile lililokwaruzwa nyuma ya simu.

"iPhone ya Parsaoti," akasoma kwa sauti.

Tak.

Nyundo juu ya jiwe. Harufu ya vumbi la machimbo ikajaa kibandani. Wasike akajikaza kiume. Ilibaki kujaribu kufuli la uso tu, na kama siku zote akajaribia uso wake mwenyewe.

Tak... tak...

"Asante," simu ikanong'ona. Kwa sauti ya Wasike.

Nalangu aliporudi, aliliona lile jina kwenye skrini, sukari ikamponyoka.

"Umempa nini?"

"Uso wangu, mama... nilikuwa najaribu tu."

"Futa!"

Wasike akaiinua simu aifungue. *Uso haujatambuliwa.* Akajaribu tena. *Uso haujatambuliwa.*

Wasike alimfikiria Immaculate na mtoto: aliyeuchukua uso huo angefunguliwa mlango. Alikimbia bila kufunga kibanda, akafika mlangoni akihema.

"Imma, ni mimi. Fungua."

Mkewe akanong'ona nyuma ya mlango.

"Wewe ni nani? Bwanangu ako hapa ndani. Amebeba mtoto."

Na kweli, ndani mtu alikuwa anabembeleza mtoto kwa sauti ya Wasike, kwa wimbo wa Kibukusu ambao Wasike alimwimbia mtoto kila usiku. Wasike akatoa simu yake mwenyewe ampigie mkewe, akaiinua mbele ya macho.

*Uso haujatambuliwa.*

Akasikia komeo likisukumwa kuukaza mlango. Akalia, akamwita Immaculate, akaupiga mlango wa mbao kwa ngumi.

Tak, ukaitika mlango. Tak. Tak.

Nyundo juu ya jiwe.