Utani wa Ndugu Yangu Ulimmaliza Mume Wangu

Waliniletea shati lake tu... Mume wangu Ramazani alikuwa amekwisha kuzikwa na wafungwa wenzake kule Kasongo! Damu ilikuwa imekauka mgongoni mwa shati. Nilishindwa hata kulia.

Ndugu wasomaji, leo niko na miaka arobaini na mitano. Wakati ule nilikuwa na mimba ya kwanza, tukikaa kijijini upande wa Kabambare. Nilisoma kidogo tu, lakini haya nayaandika mwenyewe.

Wabeleji waliotutawala walilazimisha kila nyumba kulima pamba. Pamba inaliwa? Ilikula siku zetu za muhogo na mpunga! Basi watu wengine walikuwa wanachemsha mbegu kwa siri ili zisiote, wapate kusema udongo ni mbaya. Aliyekamatwa, fimbo na gereza. Ramazani hakufanya hivyo kamwe. Ni jua lililochoma shamba letu.

Siku moja muzungu wa pamba akaja kukagua, pamoja na msimamizi wake, kapita Kalonda, aliyemtafsiria. Mistari yetu ilikuwa mitupu. Ndugu yangu Amuri, tumbo moja na mimi, alikuwa pale. Kwetu mashemeji wanataniana, hata kwenye kilio hawaachi. Amuri akapaza sauti:

"Ee shemeji! Mbegu ulizipika na chumvi ao bila chumvi?"

Watu wakacheka. Ramazani naye akamrudishia, maana utani usiporudishwa ni ugomvi:

"Uliza dada yako, yeye ndiye mupishi!"

Muzungu akauliza wanacheka nini. Kalonda alizaliwa papa hapa, aliujua utani wetu vizuri! Lakini akamwambia kwamba mbegu zilipikwa na mwenye shamba amekubali. Ramazani alikuwa bado anacheka walipomfunga kamba...

Nilipiga kelele kwamba ni utani tu. Muzungu akamgeukia Amuri, akamwuliza kwa Kiswahili chake kidogo kama ni utani kweli. Neno moja tu lingetosha! Ndugu yangu akatazama chini. Akanyamaza.

Fimbo za gerezani, halafu homa, zikammaliza mume wangu kabla binti yetu hajazaliwa. Mpaka leo nikiweka maharage motoni nasikia watu wanacheka. Nageuka... hakuna mtu.

Wasomaji wenzangu, tazameni kwanza nani anasikiliza. Neno la kuchekesha nyumbani, mbele ya mwenye kamba na fimbo si la kuchekesha tena. Nawaomba, msilitoe hovyo. Na likikwisha kutoka likamshika mtu, semeni upesi, msiogope!

Kalonda iko hai, anazeeka na pensheni yake. Amuri iko na duka Kasongo, na akiniona anasema, "Dada, ulikuwa utani tu, nisamehe." Utani nimeusamehe zamani! Ni kwa ule unyamavu wake ninadai jibu. Amuri, binti wa Ramazani amekuwa mtu mzima, anauliza. Njoo umwambie mbele yangu: ulipoulizwa, kwa nini hukujibu?