Shimo Linaloita Majina

Asubuhi pale Kiringye kazi ni zile zile. Concilie alitwanga majani ya muhogo ya sombe, akasonga bugali, akamwita mume wake Térence aje kula kabla jua halijapanda. Ndagala, dagaa wa ziwani, zilikuwa chache, na nusu yake vichwa vitupu. Lakini nani angelalamika? Ulikuwa mwaka wa vita. Mashamba mazuri ya bondeni, kule karibu na mto Ruzizi, yalikuwa na watu wenye bunduki. Aliyekwenda kupalilia huko alijua anachokitafuta.

Ndiyo maana wanaume walipanda milimani, upande wa Lemera, kuchimba dhahabu. Shimo lao lilikuwa la zamani. Vita ilipoanza walilikimbia, na mvua zikanyesha na kukatika bila mtu kulisogelea. Waliporudi, majani yalikuwa yameota mdomoni mwake. Watu walisema mengi. Walisema kuna maiti zilitupwa mule siku za mapigano. Nani aliona? Hakuna. Maneno ya vita hayangoji shahidi.

"Ile shimo iko na pepo," Térence alisema, akimega tonge. "Inaita muntu kwa jina. Nsengiyumva aliisikia."

"Na bado unaenda?"

"Tutakula nini, Mama Délice?"

Concilie alikusanya sahani.

Wachimbaji wale walikuwa na mwiko wao. Walishuka kwa kushika kamba mikononi, miguu ikikanyaga vidato vilivyochongwa ukutani. Lakini kujifunga kamba kiunoni, hata kidogo. Mbuzi ndiye anayefungwa kamba, walisema, na anafungwa ili atolewe sadaka. Ukijifunga, umeshajitoa mwenyewe kwa pepo. Ulikuwa upuuzi, lakini upuuzi haujawahi kukosa wafuasi.

Mchana Concilie alipanda kuwapelekea chakula. Alifuatana na jirani yake Honorine, mjane wa makamo aliyekuwa akiokota kuni njiani. Honorine alizaliwa Uvira, akalelewa kusini, karibu na Kalemie, katika kambi ya wachimba makaa ya mawe. Baba yake alifanya kazi chini ya ardhi mpaka akazeeka.

Ukungu ulikuwa umeshuka mlimani. Walipokaribia hawakusikia nyundo wala wimbo. Wanaume walisimama kuzunguka shimo, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Nzeyimana, rafiki yao, alikuwa ameshuka, akaacha kujibu. Protais, mdogo wake Térence, akashuka kumtoa. Naye akanyamaza.

Kisha sauti ikapanda kutoka chini, polepole, kama ya mtu anayeongea usingizini.

"Té... ren... ce..."

Ilikuwa sauti ya Protais, na haikuwa yake.

Térence alikuwa anavua koti. "Damu yangu inaniita. Minye nashuka."

Concilie alimkamata shati kwa mikono miwili. Shati likachanika, lakini hakuliachia. Aliogopa vibaya sana, na hakuona haya kuogopa mbele za watu.

"Baba Délice, ngoja," Honorine alisema. "Ukishuka sasa, utalala juu ya mdogo wako. Mule ndani kuna upepo?"

"Kuna pepo," alijibu Nsengiyumva, mkubwa wa wachimbaji.

"Sikuuliza pepo, muzee. Nimeuliza upepo."

Honorine akaweka kuni chini.

"Hii niliiona kule kwenye makaa. Shimo likikaa bila watu, miti inaoza, maji yanalala, hewa inakuwa mbaya. Inakaa chini, kama maji ndani ya mtungi. Huioni, na mara nyingi haina harufu. Unaivuta, kichwa kinazunguka, unasikia watu wanakuita, magoti yanaisha, unalala. Anayekuja kukutoa anavuta ile ile. Kwetu wengi waliokufa hawakuwa wale wa kwanza. Walikuwa wale waliokimbia kuwatoa."

Aliomba taa ya petroli. Akawasogeza wote mbali na mdomo wa shimo. "Kwenye makaa ya mawe moto wazi ni mwiko, hewa ya kule inalipuka," alisema. "Hapa si makaa, lakini bado msichungulie, nitaangalia minye."

Wakaiteremsha taa kwa kamba. Mwanga ulishuka ukiangaza kuta zenye maji, ukafika kwenye ukingo uliochongwa katikati ya ukuta, pale mguu wa Protais ulipoonekana. Hapo moto ukawa mdogo, ukawa wa bluu, ukafa. Hakuna aliyehisi hata pumzi ya upepo.

"Pepo ameizima," mtu alinong'ona.

"Hakuna aliyeizima," Honorine alisema. "Moto unakula hewa kama weye. Umekosa chakula. Kateni matawi."

Walikata matawi yenye majani mengi, wakayafunga fungu moja kubwa, wakalishusha kwa kamba. Walilivuta juu, wakalishusha, wakalivuta tena, kama mtu anayesafisha kibuyu kwa kijiti. Harufu ya mti uliooza ilipanda. Viganja vilichubuka. Chini, sauti ya Protais ilinyamaza kabisa.

"Amekufa," Térence alilia. "Mumenizuia, na mdogo wangu amekufa."

Concilie alivuta kamba pamoja nao akilia pia. Hakujua kama anamwokoa mume au anamwua shemeji. Lakini aliendelea kuvuta.

Taa ikashushwa tena. Safari hii ilifika kwenye ukingo, ikawaka. Wakasubiri. Bado iliwaka.

"Sasa shuka," Honorine alisema. "Lakini ukiwa umefungwa."

Wanaume wakatazama chini. "Kamba kiunoni ni ya mbuzi," Nsengiyumva alisema.

Concilie akaichukua kamba, akaizungusha kifuani kwa mume wake chini ya kwapa, akafunga fundo. "Basi mbuzi huyu ni wangu," alisema, "na sijamtoa kwa muntu."

"Kichwa kikiwa kizito, vuta kamba," Honorine alimwambia Térence. "Ukisikia jina lako, usiliitike. Vuta kamba. Na usipite ule ukingo."

Alishuka na kamba ya pili mkononi, ya kumfunga Protais. Kila mtu alishika kamba bila kukohoa. Halafu ile ya pili ikavutwa kutoka chini. Protais alitoka kwanza, midomo imebadilika rangi, kichwa kimelegea. Térence alifuata. Walimlaza Protais mbali na shimo, penye upepo, wakamlegeza nguo. Alikoroma, akatapika, akafumbua macho.

"Kwa nini uliniita?" Térence alimuuliza.

"Sikuita muntu," Protais alisema. "Nilikuwa nimelala."

Nzeyimana alikuwa chini kabisa, na taa iliposhushwa huko ilizimika. Walimtoa kesho yake, baada ya kuchochea hewa tena. Walimzika kwa machozi mengi. Alikuwa mtu wa mzaha, na mjane wake alikuwa na mimba.

Baada ya matanga wachimbaji walikuja kwa Honorine, Nsengiyumva akiwa mbele. Alitaka kushusha motopompe, pampu ya injini, ndani ya shimo ili wanyonye maji.

"Motopompe ibaki juu, mbali na mdomo," Honorine alisema. "Moshi wake unaua haraka, na moshi huo taa haiwaambii. Taa inaweza kuwaka na weye unakufa. Ikizimika, hakuna kushuka. Ikiwaka, bado muntu anashuka amefungwa, na wenzake wako juu wameshika kamba. Hakuna kuchimba peke yako. Na chimbeni mdomo wa pili, uungane na wa kwanza, upepo uingie huku utokee kule. Miti iliyooza itoeni, muweke mipya, udongo usiwaangukie."

"Na kamba?" Nsengiyumva aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kamba ni ya mbuzi, ndiyo. Mbuzi aliyefungwa vizuri jioni unamkuta."

Nsengiyumva alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mdomo wa pili ulichimbwa. Kuta zilikauka, na kila asubuhi taa ilishuka kabla ya mtu. Kiangazi kizima hakuna aliyezikwa kwa sababu ya shimo lile. Bunduki ziliendelea kulia bondeni, hizo hazikuwa na dawa kwa Honorine.

Mvua iliporudi, siku moja, baada ya taa kuwaka na Térence kushuka, udongo uliporomoka ukaziba ule mdomo wa pili, na wao juu hawakujua. Siku hiyo Concilie alikuwa miongoni mwa walioshika kamba. Ghafla ilivutwa kwa nguvu. Wakavuta wote, migongo imeinama, mpaka Térence akatokea, uso wa kijivu, jasho linamtiririka. Walimlaza kwenye majani. Alitapika, akapumua muda mrefu.

"Nzeyimana ameniita," alisema. "Kwa jina langu, Mama Délice. Karibu kabisa na sikio."

Concilie alimfuta uso kwa kitenge chake. "Na weye ukamujibu nini?"

"Nilivuta kamba."