Jiwe la Akiki Mdomoni

Mvua ya Mbale haibishi hodi. Iliteremka kutoka mlima Wanale na kuwakuta wachuuzi wa soko wakihangaika na maturubali, lakini Hajara hakuinuka mezani pake. Alikuwa amechoka tangu asubuhi, amechoka tangu mwaka jana. Kama kawa zake za ukili, za kufunikia chakula, zingelowa, basi na zilowe. Alivuta tu mtandio wake wa manjano begani.

Ndipo mwanamume mmoja alipoingia chini ya turubali lake kujikinga, shati jeupe limemganda mgongoni, kopo la bati amelikumbatia kifuani. Hakumtazama mwenye meza. Alifungua kopo, akatoa kwenye pamba bruchi ya kizamani ya kubania nguo, akaigusisha mdomo wa chini, akafumba macho.

Hajara alimjua mtu mmoja tu aliyepima vito kwa mdomo.

"Umenunua kioo tena, bwana fundi?" alimwuliza.

Semei aligeuka. Mvi zilikuwa zimemwota kando ya masikio.

"Hajara."

"Jina bado unalikumbuka. Afadhali."

"Walisema ulivuka kwenda Sudani."

"Walisema mengi. Mimi niko hapa, nauza kawa."

Kabla ya vita vya sabini na tisa walikuwa wachumba kule Jinja. Semei alifanya kazi kwa sonara wa Kihindi, na sonara huyo alipofukuzwa nchini alimwachia lenzi moja na sharti moja: jiwe likiwa mdomoni, fundi hasemi uongo. Jiwe halisi hubaki baridi, kioo hupata joto upesi, na mdomo uliokwisha kujua usitamke jingine. Wateja wote walilijua sharti hilo, Hajara kuliko wote. Naye alikuwa na bruchi ya marehemu mama yake: sura ya bibi mmoja iliyochongwa katika jiwe la akiki, nyeupe juu ya kahawia. Semei aliisifu kila siku bila kuipima hata mara moja. "Ya mama mkwe haipimwi, mukwano," alikuwa akimtania, akimwita mpenzi kwa Kiganda.

Kisha serikali ikaanguka, na Wanubi, watu wa kabila la Hajara, ambao baba zao walikuwa askari wa serikali hiyo, wakawa watu wa kukimbia. Kwenye kizuizi cha barabarani cha Nalufenya askari mmoja aliichomoa bruchi ile kifuani mwa Hajara, akamtupia Semei aliyekuwa akimsindikiza.

"Wewe fundi. Hii ni mali?"

Semei akaiweka mdomoni. "Kioo tu, afande. Hii haina bei."

Askari wakacheka, wakairudisha. Hajara akapanda lori bila kuaga. Basi, aliwaza, sifa zote zile zilikuwa za kumbembeleza, na ukweli Semei aliuchagulia siku ambayo watu wa Hajara walikuwa wakidhalilishwa barabarani. Hilo ndilo lililomchoma miaka yote, kuliko njaa.

"Iko wapi?" Semei aliuliza sasa.

"Kioo kile? Nilimpa mama Nabifo, yule wa vitunguu, kwa unga wa mihogo. Tulikuwa hatuna kitu."

Semei akakaa juu ya gunia lililolowa.

"Ile ilikuwa akiki, mukwano. Ningesema akiki wangeichukua, na labda na wewe wangekuchukua."

"Uliiweka mdomoni, Semei."

"Niliiweka."

"Sasa nikuamini lini? Siku ile, au leo?"

Semei alirudisha bruchi yake koponi, na Hajara akaona aibu kwamba bado alitaka kumfuta maji usoni.

Mvua ilipopungua, Nabifo alivuka matope mwenyewe. Habari za mnunuzi wa bruchi anayezunguka sokoni zilikuwa zimemfikia. Alivaa gomesi, lile vazi refu la Kiganda, ya kijani iliyopauka, na begani, pale pale pa kubania, alikuwa yule bibi mweupe wa bruchi.

"Mwanangu, angalia hii kitu. Jirani huyu alinipa wakati wa taabu. Iko nini?"

Alipokuwa akihangaika na pini, Hajara alimshika Semei kiwiko, akamnong'oneza. "Sema kioo. Atakuachia tu. Ni ya mama yangu."

Semei alimtazama kwa huzuni. Akaipokea bruchi, akaikagua kwa lenzi mbele na nyuma, akaiweka mdomoni.

"Ni akiki, mama. Jiwe moja lenye tabaka mbili; nyeupe imechongwa, kahawia imeachwa chini. Angalia nywele, zimetenganishwa moja moja. Usimpe mtu wa kupita njia. Hata mimi usinipe."

"Kumbe," alisema Nabifo. "Na mimi nabania gomesi ya sokoni."

Hasira ilimpanda Hajara. Ilimuuma kama kumzika mama yake mara ya pili. Lakini uongo mmoja mdogo ungempa mtu huyu kila alichokuja kukitaka, naye hakuusema. Na ule wa Nalufenya ulimpa nini? Ulimpotezea mchumba.

"Mama Nabifo, niazime kidogo."

Aliigusisha mdomo wake mwenyewe. Baridi. Akangoja. Baridi bado. Akampa Semei.

"Weka. Una mke?"

"Nilioa kule Budondo. Mke akaondoka."

"Ulinitafuta?"

"Nilikutafuta sana. Halafu nikachoka, nikaacha. Nikabaki natafuta bruchi tu."

Hajara alimwamini. Mtu wa kubembeleza angesema hakuchoka.

"Mimi pia nilichoka," alisema. "Haya, niulize unachotaka kuniuliza, kabla mwenyewe hajadai chake."

"Utarudi nami Jinja? Uwe mke wangu?"

"Na kawa zangu nitaziweka wapi?"

"Dukani. Ni pana."

"Paa lake zima?"

"Linavuja," alisema Semei, jiwe bado mdomoni.

Hajara akacheka hadi macho yakamlenga machozi. Akaichukua bruchi, akaibana mwenyewe kwenye bega la Nabifo, polepole, kama alivyokuwa akimbania mama yake siku za Idi. Kisha akamwambia Semei ashike upande wa pili wa turubali, walikung'ute maji.