Chupa za Keziah

Akina mama na akina baba wa Kitengela, kaeni kidogo niwaeleze jambo lililotokea nyumbani kwetu. Sikulisikia kwa jirani. Lilipita mlangoni mwangu, na waliohusika wameniruhusu nilieleze, kwa sababu wanaona nyumba nyingine zikielekea huko huko.

Ilikuwa miaka ile simu za mkono zilipoanza kuingia hata mifukoni mwa watu wa kawaida. Jumapili moja, baada ya kanisa, mimi na mke wa mwanangu, Keziah, tulikuwa jikoni. Mjukuu wangu Ndeti alikuwa amelala mkekani. Nje, mwanangu Mulei alikuwa anapaka rangi kiti changu ambacho mimi sikumwomba apake. Ndivyo alivyo, ana moyo wa kusaidia, na ninataka mlijue hilo kabla hamjasikia mengine.

Nilikuwa napaka nyama ya mbuzi mzee papai bichi ili ilainike. Keziah akacheka, akiniita mama kwa Kikamba kama kawaida yake.

"Mwaitu, hiyo papai yako ndiyo kazi yangu ya kila siku."

Keziah alikuwa ameajiriwa kwa majaribio katika maabara ndogo ya chanjo za mifugo, upande wa barabara ya kwenda Kajiado. Nilimwambia anieleze vizuri, maana nilikuwa nimechoka kuwaambia watu kanisani kwamba binti yangu anafanya kazi ya chupa.

Akanieleza huku akimenya viazi. Wanachukua seli za figo la mwanakondoo, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, wanazilisha ndani ya chupa bapa. Zile seli haziwezi kuishi zikielea. Lazima zishike kioo, zijitandaze, zisogeleane mpaka zijae chupa nzima. Zikishajaa zinahitaji kugawanywa kwenye chupa nyingine, la sivyo zinabanana na kufa. Zikiwa nyingi, ndani yake wanakuza virusi vya kutengenezea chanjo ya ndui ya mbuzi.

"Sasa mnazitoa vipi kwa kioo? Mnakwangua?"

"Ukikwangua unazirarua. Tunamwagia tripsini. Ni kimeng'enya, kama kile kilicho ndani ya papai. Inakata vile vinavyozishikisha na kioo. Unatazama kwa hadubini. Ukiona zimeanza kujikunja kuwa duara, unagonga chupa polepole na kiganja, zinaachilia. Hapo hapo unamwaga seramu ya ndama, tripsini inaacha kazi."

"Na ukichelewa?"

"Haijui kuacha yenyewe, Mwaitu. Ikimaliza kuzifungua, inaanza kuzila."

Hilo nililielewa mara moja. Ukisahau nyama kwenye papai, utapata uji.

Wakati huo simu ya Keziah ikalia mara moja, ikanyamaza. Akaacha kisu, akafuta mikono haraka, akaifungua. Uso wake ulibadilika. Akabonyeza, na nje nikasikia simu ya Mulei ikilia.

"Mulei!" nikaita. "Unampigia mtu ambaye ukinyoosha mkono unamfikia?"

"Nilikuwa najaribu tu kama iko na network, Mwaitu."

Nilicheka. Keziah hakucheka. Baadaye ndipo nilipojua kwamba hiyo ilikuwa sheria ya nyumba yao. Mulei akim-flash, yaani apige mara moja na kukata, lazima yeye a-flash pia, hapo hapo, awe wapi awe. Asipofanya hivyo, jioni kuna maswali.

Sheria hiyo ilitoka wapi? Mulei ni fundi wa kuchomelea mageti hapa Noonkopir. Siku moja alipeleka mlango maabara, akaona chumba cha seli kimefungwa, na ndani, nyuma ya kioo, Keziah na mwenzake wa kazi, Khisa, wamevaa makoti meupe. Chumba kile hufungwa ili vumbi na uchafu visiingie kwenye chupa. Lakini alipowasimulia wenzake karakana, mmoja anayeitwa Maina alimcheka mbele ya watu.

"Wewe ndiye unawatengenezea mlango, na wewe ndiye unafungiwa nje! Fundi, umejichomelea mwenyewe!"

Watu wakaangua kicheko. Utani wa Maina uliisha hapo hapo kwa Maina. Kwa mwanangu haukuisha. Ulirudi naye nyumbani, ukala naye, ukalala naye.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yaliharibika.

Stima ilikuwa imepotea siku nyingi maabara, na jenereta ikagoma. Seli zote zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye barafu zilikufa. Zilizobaki ni zile tu za chupa za Keziah, kwenye kabati la joto linalotumia gesi. Wakati huo ndui ilikuwa imeanza kuonekana kwenye mbuzi wa Kajiado, na wafugaji walikuwa wanasubiri chanjo. Mkuu wa maabara, mama mmoja mpole aitwaye Rebecca, alimwambia Keziah, "Hizi zigawanye wewe. Zikitoka vizuri, nitaomba uandikwe kazi ya kudumu." Keziah aliniambia habari hiyo akinishika mikono yote miwili. Alikuwa ameitafuta kazi hiyo tangu kabla Ndeti hajazaliwa.

Siku yenyewe alimwaga tripsini kwenye chupa moja baada ya nyingine, akazirudisha kwenye joto. Simu hairuhusiwi mle ndani, lakini alikuwa ameificha mfukoni mwa koti, kwa hofu. Ikatetemeka. Mikono yake ilikuwa kwenye glavu. Akaacha. Ikatetemeka tena. Kisha ikaja meseji: *Niko gate.*

Nilimuuliza baadaye kwa nini hakumwaga seramu kwanza ndipo atoke.

"Ningeweza, Mwaitu," akasema. "Lakini akili yangu ilikuwa getini. Nilifikiria tu ataingia ndani apigane na Khisa. Nikasema nitatoka mara moja nimtulize nirudi."

Getini Mulei alimshika mkono.

"Mbona hushiki simu?"

"Mulei, niachilie kidogo. Chupa zangu ziko na dawa."

"Chupa! Kila siku chupa! Huyo Khisa pia yuko kwa chupa?"

"Khisa yuko store. Tafadhali, baba Ndeti, zitakufa. Nirudi, tutaongea nyumbani."

"Tutaongea hapa."

Askari wa geti aligeuka upande, akijifanya anapanga mawe ya maua, ili asimwone mama wa watu akilia. Hata hilo nalihesabu kuwa wema, ingawa ningependa angemwambia mwanangu amwachilie.

Keziah aliporudi ndani, alimkuta Khisa amesimama mbele ya chupa. Alikuwa ametoka store akaona kiti kitupu, akachungulia kwa hadubini, akaelewa. Aliwahi kumwaga seramu kwenye chupa moja, ile iliyotiwa tripsini mwisho. Nyingine zote zilikuwa zimekuwa ute, zikivutika kama makamasi. Hakukuwa na seli tena, kulikuwa na supu.

Khisa alimvutia Keziah kiti. Kisha akasema, "Hii moja iko hai. Tuanze nayo."

Keziah angeweza kusema ni stima tena. Hakusema. Alienda kwa Rebecca akaeleza kila kitu, hata simu ya mfukoni. Rebecca alimpa chai kwanza, akamwacha anywe, ndipo akamwambia ukweli: kazi ya kudumu hawezi kuiombea sasa, na chanjo imechelewa. Chupa moja haiwezi kufanya kazi ya zote. Lazima ikuzwe polepole, igawanywe tena na tena.

Jioni hiyo Keziah alimbeba Ndeti akaenda kwa wazazi wake, Kimuka. Hakupiga kelele. Alinikumbatia, akaniambia, "Mwaitu, si wewe." Nikamfungia mahindi ya kuchoma ya mtoto njiani.

Mulei alikaa kwenye kile kiti alichonipakia rangi. Alipiga simu. Alipiga tena. Mwisho nikamwambia, "Mwanangu, hata sasa hujaona kwamba hiyo simu ndiyo iliyomtoa hapa?"

Wiki zikapita. Anayeniletea maziwa ni mama mmoja Mmaasai, mama Naserian. Asubuhi moja nilimsalimia "Takwenya," akaitika "Iko," lakini sauti yake ilikuwa chini. Mbuzi wake walikuwa wametoka vipele mdomoni na chini ya mkia, na wadogo walikuwa wanakufa. "Tuliambiwa chanjo inakuja," akasema. "Haijakuja." Mulei alikuwa mlangoni anafunga viatu. Aliacha kamba bila kuifunga.

Muda si mrefu, watu wa mifugo wakafunga soko la mbuzi kwa karantini.

Na hapo ndipo mwanangu alipokwama. Alikuwa ameamua kwenda Kimuka kumrudisha mkewe, na mwanamume aliyekosea hawezi kwenda kwa wakwe mikono mitupu. Lazima aende na mbuzi. Alizunguka Isinya, akaenda Kajiado, akarudi. Hakuna aliyeruhusiwa kumuuzia mbuzi, wala kumsafirisha. Mwishowe tulienda naye hivyo hivyo, mimi nikiwa na sukari na majani ya chai kwenye kikapu.

Baba yake Keziah, mzee Joram, alitukaribisha vizuri. Mama yake Keziah alinivulia leso yake akanitandikia nikalie. Mzee alingoja tunywe chai.

"Mulei, wewe unajua desturi. Mbuzi iko wapi?"

"Soko limefungwa, mzee."

"Limefungwa kwa nini?"

"Kuna ndui."

"Na ndui haina chanjo?"

"Ilikuwa itoke. Ikachelewa."

"Ikachelewa kwa nini?"

Keziah alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, Ndeti kiunoni. Mwanangu alitazama mikono yake iliyojaa makovu ya moto wa kuchomelea.

"Kwa sababu yangu," akasema. "Nilimshika getini."

Mzee Joram hakumkemea. Aligeuka kwa binti yake. "Umesikia. Mimi sina la kuongeza. Sema wewe."

Keziah alisema, "Nitarudi Kitengela, lakini kwa Mwaitu, si kwako. Nataka kukuza hiyo chupa moja. Ukinipigia simu nikiwa kazini hata mara moja, nitarudi hapa, na usilete mbuzi."

"Nimekubali."

"Usikubali haraka. Kwanza jaribu."

Basi Keziah na Ndeti walilala kwangu, Mulei akalala peke yake nyumbani kwao, hapo hapo uani. Kila asubuhi, kabla ya kwenda karakana, alileta simu yake akaiweka kwenye kopo langu la maharagwe. Siku za kwanza nilimwona akisimama, akilitazama lile kopo, akienda. Maina alimchokoza tena, "Fundi, leo hujapiga roll call?" Mulei akamjibu, "Maina, mke wangu yuko kazini. Na wewe nenda kazini."

Ile chupa moja ilijaa. Keziah akaigawanya akiwa amekaa mbele yake mpaka mwisho, zikawa mbili, zikawa nyingi. Chanjo ikatoka, imechelewa lakini ikatoka. Mama Naserian alikuwa ameshapoteza karibu nusu ya mbuzi wake. Hao hawakurudi, na Mulei anajua. Alimtengenezea geti la boma, na mama Naserian alipouliza ni la nini, mwanangu alimweleza yote. Mama yule aliendelea kutuletea maziwa. Mimi sijui kama ningeweza.

Soko lilipofunguliwa, mbuzi wa kwanza ambaye Mulei alimnunua alipelekwa Kimuka.

Jioni ya siku Keziah alipoandikwa kazi ya kudumu, alichelewa kutoka. Nje ya geti akamkuta mumewe amekaa kwenye jiwe, amejaa vumbi, akiongea na Khisa habari za mpira.

"Umengoja sana?" akamuuliza. "Mbona hukupiga simu?"

"Nilijua uko ndani," akasema Mulei.

Usiku huo mimi na Ndeti tulilala wawili tu.

FUNZO

Ndugu zangu, wivu si kipimo cha mapenzi. Mume anayemlinda mkewe kwa kumfuata kila saa hamlindi, anamharibia, na hasara haikai nyumbani kwake peke yake. Ilifika hadi kwenye boma la mama Naserian, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu. Akina baba, mke akiwa kazini mwache afanye kazi. Wake, mkishikwa getini, semeni mapema, msifiche hofu mfukoni kama alivyoificha Keziah. Na sisi wazazi tuliowazaa wana wa kiume, tusimtetee mtoto kwa sababu ni wetu. Tumpende, tumwambie ukweli, kisha twende naye mpaka kwa wakwe.