Kadi ya Kabatini

Alhamisi ile foleni ya dirisha la uhamiaji pale Busia ilikuwa imejikunja mara mbili, watu na mizigo yao, jua likiwapiga utosini. Apendi alisimama katikati, amevaa gauni la kitenge cha manjano, simu ameibana kati ya sikio na bega.

"Ekwaro, nisikilize! Nanunua leo. Kompyuta ya mezani, si hii laptopu inayokohoa. Prosesa? Nachukua ile kubwa kuliko zote, kwisha!"

"Utatupa pesa bure, dada," ikasema sauti nyuma yake.

Apendi akageuka. Alimwona kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, macho yenye kicheko.

"Kwani nimekuuliza?"

"Hujaniuliza. Lakini foleni nzima imesikia." Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa wa omena akacheka. "Kompyuta ni ya kazi gani?"

"Kazi na gemu. Mchana nahariri video za harusi. Jioni nakimbiza magari na rafiki zangu wa Mbale, na nawashinda. Sasa wewe mwenye akili, sema."

"Gemu inataka kori zenye mbio. Video inataka kori nyingi. Kori ni kama mafundi ndani ya prosesa. Ukiajiri kumi na sita, nusu yao watakaa tu wakila umeme. Chukua nane zenye mbio, na pesa itakayobaki ununue kadi ya picha. Usiache kadi, maana prosesa ninayokwambia haitoi picha yenyewe. Bila kadi, skrini ni giza tupu."

Apendi akamwambia Ekwaro atampigia baadaye, akakata simu. Kijana huyo aliitwa Levis. Alikuwa na duka la vipuri vya kompyuta upande wa Kenya, pamoja na dada yake Sylvia, na foleni ilipokwisha waliongozana hadi hapo.

Ekwaro alikuwa mpiga picha wa Tororo, upande wa Uganda, alikoishi Apendi. Alikuwa amemwahidi Apendi harusi nne za Desemba, mradi kompyuta iwe tayari kabla ya Novemba kwisha. Kwa Apendi, harusi hizo zilikuwa mlango. Akizifanya vizuri, jina lake lingetembea, na asingelazimika kurudi kijijini Molo kukaa kwa baba yake.

Watu wa mpakani hawabebi mzigo wote kwa mara moja. Huvuka na kidogo kidogo, kikapu kwa kikapu, forodha isiwacheleweshe. Apendi naye akafanya hivyo. Alhamisi ya kwanza alilipia vyote akabeba kasha la mashine, ya pili akabeba ubao mkuu na memori, ya tatu prosesa yenyewe, ameifunga ndani ya leso kama yai. Ikabaki kadi ya picha.

"Haijafika kutoka Nairobi," alisema Levis. "Njoo Alhamisi ijayo."

Alhamisi hiyo kadi haikufika. Na ile iliyofuata pia. Apendi hakukasirika, maana alikuwa ameanza kuzipenda Alhamisi. Walikunywa chai ya tangawizi nyuma ya duka, magoti yakigusana chini ya meza ndogo, na jioni simu zilianza.

"Hujambo, kori yangu ya tisa?"

"Toka hapa! Ulisema nane zinatosha."

"Nane ni za kompyuta. Ya tisa ni yangu mimi."

"Maneno yako matamu, Levis, lakini skrini yangu bado giza."

Hapo Levis alikuwa akigeuza mazungumzo, na Apendi akidhani ni haya.

Ilipofika Alhamisi ya sita, Levis alikuwa ametoka kwenda kutengeneza printa ya mteja. Sylvia alikuwa peke yake, akipanga nyaya.

"Apendi, aki wewe! Si uchukue hii kadi yako? Iko kwa kabati tangu wiki ile ya kwanza. Inanijazia nafasi."

"Tangu wiki ya kwanza?"

Sylvia akaufunika mdomo kwa mkono. Alikuwa amechelewa. Apendi akaichukua kadi, akatoka.

Kabla Apendi hajavuka kurudi, simu ikalia. Ilikuwa Ekwaro. "Dada yangu, Novemba imekwisha jana. Nimempa mtu wa Mbale harusi zile. Nifanyeje? Mabibi harusi hawangojei."

Alifunga kadi mwenyewe katika chumba chake Tororo. Skrini ikawaka, rangi zikamiminika. Mashine ilikwenda kama alivyoambiwa, gemu bila kukwama, video bila kukohoa. Na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba Levis hakumdanganya hata neno moja juu ya prosesa. Alimdanganya juu ya kadi tu.

Levis alipiga simu asubuhi, akapiga mchana. Apendi aliitazama ikitetemeka mezani mpaka ikanyamaza, kisha akaishika ingali na joto. Alhamisi ilipokuja alioga mapema, akavaa kitenge cha manjano, ndipo akakumbuka kwamba hana pa kwenda. Akakaa kitandani vilevile, amevaa, mpaka jua likashuka. Alhamisi ya pili alifanya hivyohivyo, akajichukia.

Wiki ya tatu mlango ukagongwa saa tisa mchana. Levis alisimama hapo, viatu vimejaa vumbi, mikono mitupu.

"Leo huna cha kuuza?" aliuliza Apendi.

"Sina."

"Basi sema bila bidhaa. Nasikiliza."

"Natoka kwa Ekwaro. Nimemwambia kosa ni langu, si lako. Amenitukana mpaka akachoka. Halafu akasema yule mtu wa Mbale ameiacha harusi moja ya mwisho wa mwezi. Atakupigia."

"Na kadi?"

Levis akatazama chini. "Mteja akishachukua kitu chake cha mwisho, harudi. Sikuwa na sababu nyingine ya kukuita."

"Ungesema, Apendi, njoo. Basi."

"Ungekuja?"

"Nilikuwa nakuja, mjinga wewe! Ulidhani navuka kila wiki kwa sababu ya kadi?" Machozi yakamtoka, akayafuta kwa hasira. "Umeniponza. Harusi tatu zimekwenda."

"Najua. Nipe adhabu."

"Sinunui tena kitu kwako. Baba yangu yuko Molo. Yeye hajui prosesa. Anajua mtu anayekuja mchana na wazee wake, akasema anachotaka. Ukitaka kuniona, pita huko."

"Nije lini?"

"Mwezi mmoja kuanzia leo, mwaka mpya ukishapita. Umenifanya ningoje, nawe ngoja."

"Mwezi mzima, kipenzi?"

"Mwezi mzima. Sasa nenda."

Levis akaenda, akitembea polepole. Apendi alifunga mlango akauegemea, akahesabu pumzi kumi, ishirini. Kisha akachukua simu.

"Umefika wapi?"

"Bado steji. Gari haijajaa."

"Wamebaki watu wangapi ijae?"

"Wawili."

Apendi alikuwa tayari anavaa viatu.

"Shuka," alisema. "Mwambie kondakta wamebaki watatu."